Mkwaju Uliomeza Mstari

Bosi wangu wa zamani alikuwa na ugonjwa wa kufunga sentensi. Sisemi nukta. Nukta kila mtu anaweka. Yeye baada ya nukta aliongeza mkwaju, kile kimstari kilicholala ubavu, ndipo roho yake ikatulia. Maisha ya kazi aliyaanzia ofisi ya serikali, chumba cha mafaili, na huko walimfundisha kwamba maandishi yasiyofungwa ni nyumba isiyo na komeo: mtu atachomeka neno lake nyuma ya lako, kesho unaitwa ujibu usichoandika. Akatoka na tabia hiyo kama mtu anavyotoka na fangasi bwenini. Kwenye mlango wa choo chetu alibandika: "Tafadhali mwaga maji./" Kwenye chupa ya chai: "Usiache tupu./" Mwenzetu alipofiwa tukamwandikia kadi ya pole, bosi akaisoma, akauliza mbona haijafungwa, akapiga mkwaju wake mwishoni mwa "Mungu awafariji". Mfiwa wa watu akaipokea hivyohivyo.

Ningecheka nikayaacha hapo, maana kila ofisi ina kichaa wake. Lakini mkwaju ule ulikaribia kumvua mama yangu nguo mbele ya majirani zake wote, na hilo sijaliacha wala sitaliacha.

Tulikuwa watu wachache katika vyumba viwili vya ghorofani, mjini upande wa Mawenzi, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Jina la kampuni lilikuwa refu kuliko foleni ya wateja wake. Kazi yetu ilikuwa kuziandikia programu mashine ndogo ndogo: pampu za maji, mashine za kutotolea vifaranga, matangi ya kupozea maziwa. Tuliziandika kwa lugha inayoitwa C, lugha ya kizee ambayo mpaka leo vyombo vingi vidogo vinaitegemea. Unaandika amri zako mstari kwa mstari, halafu programu nyingine, inaitwa kompaila, inazisoma na kuzigeuza kuwa kitu ambacho mashine inakielewa. Ukitaka kumwachia binadamu mwenzako neno, unaanza mstari na mikwaju miwili. Kompaila ikiiona mikwaju hiyo inauruka mstari wote, haina habari nao. Hapo unaweza kuandika lolote: maelezo, sala, matusi.

Bosi aliandika matusi. Mwenyewe aliyaita maoni ya kitaalamu. Juu ya kazi ya mwenzetu mmoja aliandika: "Huyu alifundishwa na nani./" Juu ya kazi yangu aliwahi kuandika: "Ndefu kama hotuba ya harusi./" Alama ya kuuliza alikuwa haweki hata pale penye swali, eti mtu mkubwa haulizi, anasema. Na sisi tulikaa kimya, tukajiambia kompaila haisomi upuuzi wake, basi nasi tusisome.

Sasa mama. Huko juu kwetu, njia ya kupandia Marangu, kina mama wana kikundi chao cha maziwa na chumba kimoja cha tofali karibu na kanisa, ndani yake tangi la kupozea. Mama ndiye mtunza tangi. Jioni kila mwanamke anakuja na ndoo yake, mama anayakagua maziwa kwa jicho na kwa pua, anapima, anamimina, anafunga mlango anarudi nyumbani. Asubuhi gari linapanda kutoka Himo kuja kuyachukua. Ukimwangalia mama akifanya kazi ile utafikiri ni mzee wa kanisa anapitisha kapu la sadaka. Alipofiwa na baba, watu walimzoea kama mjane, wa kuletewa ndizi na kuonewa huruma. Tangi ndilo lililomrudishia utu wake. Watu wanamsubiri afike, wanamuuliza, wanamsikiliza. Mtoe pale, umemrudisha akakae sebuleni na picha ya baba.

Tangi lenyewe lilikuwa na kasoro moja. Umeme ukikatika na kurudi, halikuwaka lenyewe mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Na umeme wetu mnaujua. Kwa hiyo mama, mwanamke wa magoti mabovu, umeme ukirudi wakati wowote ule alijifunga shuka, akachukua tochi, akashuka kupitia migombani kwenda kubonyeza kitufe. Masika moja akateleza pale anapovuka mfongo, ule mfereji wa zamani unaoteremsha maji mashambani, akavunjika mkono. Alikwenda akabonyeza kwanza. Ndipo akapiga kelele za kuomba msaada. Nilipomkuta hospitali na plasta yake aliniuliza kama gari la Himo liliyakuta maziwa yakiwa ya baridi.

Basi kikundi kilipoileta kampuni yetu iboreshe tangi, niliomba kazi hiyo nifanye mimi. Nikaandika kipande kidogo: umeme ukirudi, subiri kidogo gesi itulie, kisha washa kompresa, ile mashine ya kuvuta ubaridi. Mstari wenyewe wa kuwasha ulikuwa mmoja. Bosi aliniuliza kwa nini najisumbua, si kitufe kipo? Nikamweleza. Kwa mdomo wangu huu nilimwambia kwamba mtunza tangi ni mama yangu, kwamba alivunjika mkono, kwamba sitaki avunjike shingo. Akatikisa kichwa pole pole kama mtu anayesikiliza risala. Nikapanda mlimani, nikaiweka programu kwenye tangi, tukazima umeme, tukauwasha, tangi likanguruma lenyewe. Mama alicheka kama msichana.

"Sasa mama, lala," nikamwambia. "Umeme ukirudi usiamke. Litawaka."

"Una uhakika, mwanangu?"

"Mama, nimeliandika mwenyewe."

Akalala. Miezi ikapita, mama analala kama watu wengine, na hata magoti yakapata ahueni.

Halafu bosi akapata mteja ng'ambo ya mpaka wa Holili, watu wakubwa kidogo, waliotaka programu zao zifuate kanuni rasmi za lugha, neno kwa neno. Wewe! Kichwa kilimvimba. Akaamuru kazi zetu zote, hata za zamani, zipitishwe kwenye kanuni hizo kali, na akaifanya kazi hiyo mwenyewe, maana sisi wengine hatukuwa na hadhi. Kompaila ina tabia ya kutoa maonyo ikiona jambo la kutilia shaka. Bosi aliyazima maonyo yote. Alisema yanaichafua skrini na mteja akiyaona atadhani sisi ni wababaishaji. Mtu anaziba masikio kisha anajisifu kwamba nyumba ni tulivu! Akaibeba programu mpya ya tangi, akapanda nayo mlimani na gari lake la vioo vyeusi, akaiweka, akanywa chai ya mama, akasifu maandazi, akashuka. Hakuzima umeme ajaribu. Mtaalamu anajaribu nini?

Haikupita wiki, simu ya mama ikaingia asubuhi niko ofisini. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, maziwa yameharibika. Yote."

Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi, na tangi likakaa kimya. Mama hakuamka, maana mwanawe alimwambia asiamke. Gari la Himo lilikuja, dereva akafunua mfuniko, akaufunga, akageuza gari. Kina mama walibeba ndoo zao wakagawana maziwa yaliyochacha ya kuwapa nguruwe. Ng'ombe wale wanakatiwa majani huko chini tambarare na kupandishiwa mlimani kwa kichwa, mnaelewa? Yale siyo maziwa tu ya kumwaga. Na mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mkali lakini wa haki, akasema wazi kwamba mtunza tangi amezoea usingizi. Jumapili baada ya ibada wangekutana wamchague mwingine.

Nikaenda kwa bosi. Nilimkuta anakula karanga.

"Tangi halikuwaka," nikasema.

"Mstari wako upo," akasema. "Sijaugusa. Njoo uone."

Akanifungulia programu, akaisogeza mpaka mahali penyewe, akaugonga mstari kwa kucha kwenye skrini. Na kweli ulikuwepo, mwembamba, mzima, wangu. Juu yake palikuwa na mstari mwingine ambao sikuuandika mimi:

// Kina mama wa mlimani hawajui kubonyeza kitufe??/
washa_kompresa();

Nikausoma. Nikausoma tena.

"Hii nini?"

"Ah, maoni tu. Kompaila haiyasomi. Usilete hisia kazini." Akatupa karanga mdomoni. "Mstari upo, mashine ni nzima, kwa hiyo aliyekosea ni mtumiaji. Mama yako pengine alizima tangi mwenyewe bila kujua. Wazee, unajua tena."

Jamani. Nilimwangalia mtu yule, mzaliwa wa hukuhuku mlimani, aliyesomeshwa kwa kahawa na maziwa ya mama yake kama sisi wote, anakula karanga na kusema wazee, unajua tena. Ningeweza kumrushia bakuli. Nikarudi mezani kwangu, nikakaa, nikaanza kazi.

Kwa macho, ile programu haikuwa na kosa. Hata kile chombo tunachoandikia, ambacho hupaka maelezo rangi ya kijivu na amri rangi nyeusi, kiliuonyesha mstari wangu mweusi kabisa, ukiwa hai. Nikafuatilia amri moja moja. Nikaibadilisha mashine ya majaribio. Kimya. Mwisho nikachoka kuisoma kwa macho yangu, nikaiambia kompaila initolee maandishi kama inavyoyaona yenyewe baada ya kuyatupa maelezo yote. Nikatafuta mstari wangu. Haukuwepo. Kabla yake ulikuwepo mwingine, baada yake ulikuwepo mwingine, na pale pake patupu.

Ndipo nikakumbuka takataka fulani ya zamani tuliyoambiwa chuoni mara moja na mwalimu akacheka akapita. Zamani hizo, kibodi za nchi fulani hazikuwa na baadhi ya alama ambazo lugha ya C inazihitaji. Sasa watu wazima, wasomi, waliketi kikao, wakanywa kahawa yao, labda hii hii yetu, wakaamua hivi: asiye na alama aandike alama mbili za kuuliza na kingine cha tatu, na kompaila itaelewa. Alama mbili za kuuliza na mabano ya kufungua, hayo yawe mabano ya mraba. Alama mbili za kuuliza na mkwaju, hiyo iwe mkwaju wa kuegemea nyuma. Nani aliyekuwa na shida hiyo kwa wingi kiasi hicho, mimi sijui. Kibodi zikabadilika, dunia ikabadilika, alama tatu tatu zikabaki kwenye kanuni kama gunia la nguo za marehemu ambalo kila mtu anaogopa kulitoa nje. Wenye lugha yao wenyewe wameziondoa juzi juzi tu, baada ya miaka yote hiyo. Kompaila tunazotumia huwa zinazipuuza, kwa busara. Lakini ukiiamuru ifuate kanuni za zamani neno kwa neno, inazitii.

Na mkwaju wa kuegemea nyuma, ukiwa mwishoni kabisa mwa mstari, kazi yake ni kuiambia kompaila: mstari huu haujaisha, unaendelea chini.

Sasa umeona. Bosi alikuwa anafunga maandishi yake kwa mkwaju miaka yote na halikutokea la kutokea, kwa sababu kabla ya mkwaju aliweka nukta. Siku aliyowacheka kina mama utamu ulimzidi. Nukta haikumtosha. Yeye asiyeuliza akaweka alama mbili za kuuliza, halafu kama kawaida akapiga komeo lake. Na kwa kanuni kali alizoziwasha mwenyewe, komeo lile likageuka mlango wazi: maelezo yake hayakuishia pale, yaliendelea mpaka mstari wa chini, yakaumeza. Kompaila ikauruka mstari wangu ikidhani nao ni sehemu ya kejeli. Aliuliza kama kina mama wanajua kubonyeza kitufe, na swali lenyewe ndilo lililowarudisha kwenye kitufe bila kuwaambia. Na onyo kompaila ingelitoa, kama asingelizima. Nyani haoni kundule, wahenga walimjua huyu kabla hajazaliwa.

Nikampelekea. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikaufuta mkwaju, mashine ya majaribio ikawaka. Nikaurudisha, ikagoma. Akalisukuma bakuli la karanga pembeni.

"Sawa," akasema. "Nzuri. Tutaiweka mpya wiki ijayo, kimya kimya. Usiseme kitu kwa kikundi."

"Na mama?"

"Mama yako atapumzika. Si ulikuwa unamhurumia magoti?"

Sijui kama mtu anaweza kusikia jambo kama hilo halafu akaendelea kumwita mtu bosi. Mimi sikuweza. Nikasema Jumapili nitakuwa mlimani. Akasema nikienda kuzungumza mambo ya kampuni, Jumatatu nisije. Nikamwambia Jumatatu yenyewe mimi sijaiomba.

Jumapili nilikuta ibada inaisha. Nje ya kanisa mnada wa sadaka ulikuwa umechangamka, mtu anapigania mkungu wa ndizi, mwingine jogoo, watoto wanakimbia huku na huku. Mama alisimama peke yake karibu na ukuta, kitambaa cheupe kichwani, mikono ameikunja. Kwa kawaida huwezi kumfikia kwa watu wanaomzunguka. Siku ile walimsalimia kwa mbali, shikamoo ya kupita, wakaenda kwenye jogoo. Nikaona kinachoendelea nikataka kulia.

"Mwanangu, usiwagombeze," akasema kabla sijafungua mdomo. "Wamepoteza."

"Mama, hujakosea."

"Niliambiwa nisiamke, sikuamka. Lakini tangi ni langu. Ningeamka."

Kumbe mkutano ulikuwa umemwita na bosi pia, atoe maelezo ya kitaalamu. Gari la vioo vyeusi likaegeshwa. Tukabanana mle chumbani na wengine wakasimama mlangoni, tangi likiwa katikati yetu. Mwenyekiti akamkaribisha mgeni kwanza. Bosi akasimama, akashukuru, akamsifu Mungu, akaeleza kwamba mashine za kisasa hazikosei, kwamba wataalamu wameikagua programu na kila mstari upo mahali pake, kwamba dunia nzima inajua tatizo kubwa ni kosa la kibinadamu. Alisema yote hayo bila kumtazama mama. Mimi alinitazama mara moja tu, macho ya kunikumbusha Jumatatu.

Mwenyekiti akamgeukia mama. "Una neno?"

"Mimi sikuligusa tangi," mama akasema. "Nililifunga likinguruma. Nililikuta kimya. Zaidi ya hapo sina."

Nikanyoosha mkono. Nikamwamkia mwenyekiti, nikaomba jambo moja tu: swichi kubwa ya ukutani izimwe, halafu iwashwe, na mtu asiguse kitu kingine. Mwenyekiti akaizima mwenyewe. Akaiwasha. Tukasubiri. Mtoto akakohoa. Tukasubiri mpaka watu wakaanza kutazamana. Tangi kimya.

"Nani amelizima sasa?" nikauliza. "Mama yangu amekaa pale."

Manung'uniko yakaanza. Bosi akasema hiyo siyo namna ya kitaalamu ya kujaribu. Nikafungua kompyuta yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaunganisha waya, nikafuta alama moja, nikaiweka programu upya. Nikamwomba mwenyekiti arudie. Akazima, akawasha. Tukasubiri tena, na safari hii hata watoto walinyamaza. Halafu ndani ya tangi kikasikika kishindo kidogo, na kompresa ikaanza kunguruma.

Loo! Vigelegele vilivyotoka mle ndani vilisimamisha mnada wa nje. Mama alifumba macho. Alishika ukingo wa tangi kwa ule mkono uliovunjika na hakuuachia.

Lakini mwenyekiti alikuwa hajamaliza. Nilisema ni mkali lakini wa haki.

"Umefuta nini?" akaniuliza.

"Mkwaju mmoja, mama mwenyekiti. Alama moja mwishoni mwa maneno fulani. Iliufanya mstari wa kuwasha usisomwe."

"Maneno gani?"

Bosi akasema haraka haraka kwamba hayo ni mambo ya ndani ya programu, hayana maana kwa wasio wataalamu.

"Nisomee," mwenyekiti akasema.

Nikasoma. Niliusoma polepole, kwa sauti ileile ya kusomea matangazo ya kanisa. Kina mama wa mlimani hawajui kubonyeza kitufe. Nikasema na aliyeandika, maana walitaka kumjua. Halafu bibi mmoja wa pembeni, aliyekuwa amelala muda wote, akauliza, "Huyu siye yule aliyekunywa chai akasifu maandazi?" Kicheko kilichofuata hakikuwa cha furaha hata kidogo. Bosi alisema ulikuwa utani. Alisema mara mbili. Mwenyekiti akamwambia programu ya tangi ni mali ya kikundi kama walivyokubaliana, aiache, na njia ya kushukia anaijua. Akanywea, akapita katikati ya ndoo zile akijikinga suti yake, gari likaondoka.

Jumatatu sikwenda, na kikundi kikaniomba niliangalie tangi lao mimi mwenyewe.

Baada ya siku chache akaja bodaboda kwa mama na isale. Kwetu aliyekukosea akikuletea isale, lile jani la mmea wa mipakani, huwezi kulikataa. Ukilikataa, kosa linahamia kwako. Lakini isale linaletwa na mkosaji kwa miguu yake, na ikiwezekana na mzee wa kumsemea. Huyu alilituma kwa pikipiki, limefungwa kwenye mfuko wa rambo na kadi ndogo: "Samahani./" Mama alimpa kijana wa bodaboda maji ya kunywa, akamrudishia mfuko. "Mwambie isale halitumwi kama mkate," akasema. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka.

Alikuja mwenyewe, sifa yake hiyo moja nimpe. Alikuja Jumamosi bila gari la vioo vyeusi, na baba yake mdogo, mzee wa watu aliyetembea ameinamisha kichwa kama yeye ndiye aliyekosa. Mama akalipokea isale kwa mikono miwili. Akawapikia mtori, wakala, akamuuliza bosi habari za watoto wake. Mimi nilikaa kwenye kona nimenuna, maana mimi hakuna aliyeniletea isale na hata nikiletewa sijui kama ningelipokea. Akaondoka amesamehewa kabisa. Nilimlaumu mama hadi nikachoka.

Alinisikiliza akiosha bakuli. Alipomaliza akajifuta mikono.

"Lile swali lake bado lipo kwenye programu?"

"Lipo. Nilifuta mkwaju tu. Leo nalifuta lote."

"Usilifute," akasema. "Mtu ameuliza. Akiuliza mtu anajibiwa."

Nikafungua kompyuta pale pale mezani, kando ya isale. Chini ya swali la bosi, juu ya mstari wangu wa kuwasha, nikaweka mikwaju miwili ya mwanzo kama inavyotakiwa, kisha nikaandika neno moja: Wanajua. Nukta nikaiweka. Mama akaegemea bega langu, akasoma, akasema isomeke hivyohivyo siku zote. Mkwaju wa kufungia sikuweka. Mwenye neno la kuongeza, nafasi ipo.